Injini ya Mashine ya Kukatia Nyasi: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Mada kwa walaji, Mwika, Wilaya ya Moshi

Nazungumza nanyi kwa niaba ya Tume ya Ushindani, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kumlinda mlaji.

Huenda mtu akashangaa kuona tumechagua kuzungumzia mashine ya kukatia nyasi. Mashine hizi zimekuwa nyingi katika mitaa yetu. Zipo shuleni, makanisani, katika zahanati na viwanja vya michezo, na zaidi ya yote zipo katika nyumba zilizojengwa na watoto wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Nyumba hizo hukaa kimya karibu mwaka mzima. Inapofika Desemba, familia hupanda mlimani, ua hutakiwa kufyekwa, na ndipo mashine inapogoma kuwaka. Siku zimebaki chache, fundi amebanwa na kazi, wauzaji wanajua kwamba mnunuzi ana haraka. Uamuzi wa mamia ya maelfu ya shilingi hufanywa kwa nusu saa, na pengo lake huonekana Januari, wakati wa kununua sare na kulipa michango ya shule.

Nia yangu leo ni kuwapa njia ya kufikia uamuzi huo kwa utulivu. Jambo la msingi ni hili: usilinganishe bei ya matengenezo na bei ya mashine mpya kabla hujajua mambo mawili, yaani ni kitu gani hasa kimeharibika, na matengenezo hayo yatakupa miaka mingapi ya kazi.

Tuanze na kilichoharibika. Ubovu wa injini ndogo ya petroli tunaweza kuugawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni ubovu wa nje ya injini. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza ubora wake na kuacha utando unaonata, na utando huo huziba vitundu vyembamba vya kabureta. Chujio la hewa hujaa vumbi. Plagi hushika masizi. Kamba ya kuwashia hukatika na mpira wa mafuta hupasuka. Mashine iliyofungiwa stoo tangu Januari ikiwa na petroli ndani, kisha ikagoma Desemba, mara nyingi iko katika kundi hili. Kusafisha kabureta, kumwaga petroli ya zamani na kubadili plagi ni kazi ndogo. Mtu asikubali kuambiwa kwamba injini imekufa kabla mambo haya hayajaangaliwa.

Kundi la pili ni ubovu wa katikati: koili isiyotoa cheche, gasketi iliyoungua, valvu zisizofunga vizuri, ringi za pistoni zilizolika. Humo pia mna kipande kidogo cha chuma kinachoishikiza flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kwenye kranki. Kisu cha mashine ya kusukuma kikigonga jiwe au kisiki, kipande hicho huweza kukatika au kupinda. Cheche hutoka kwa wakati usio wake, na injini haiwaki au hurusha kamba kwa nguvu mkononi. Mwenye mali hudhani kila kitu kimevunjika, kumbe pengine kilichokatika ni kipande chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Hata hivyo, baada ya kugonga jiwe, fundi ahakikishe pia kwamba kranki haijapinda, na kabla ya mtu yeyote kugusa kisu, waya wa plagi uchomolewe.

Kundi la tatu ni ubovu wa moyo wa injini: kranki iliyopinda, silinda iliyochimbika, pistoni iliyoganda, mkono wa pistoni uliovunjika na kutoboa ukuta wa injini. Hapa matengenezo huwa ya gharama kubwa, na mara nyingi mashine mpya au injini mpya ndiyo yenye nafuu.

Sisi wa mlimani tuna mambo mawili yanayoweza kutupotosha. La kwanza ni mwinuko. Hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda, na miongozo ya Honda, kwa mfano, inaeleza kwamba nguvu ya injini hushuka kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Mashine iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam, ikiletwa mahali penye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inaweza kupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake pasipo kuwa na ubovu wowote. Tena, petroli huwa nyingi kuliko hewa, hivyo moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi na mafuta huliwa zaidi. Dalili hizo huhitaji kurekebisha kabureta, si kununua pistoni. Moshi wa kutia shaka zaidi ni wa bluu usiokoma, kwa maana huo ni wa oili inayoungua. Hata huo, kwanza uliza kama oili ilijazwa kupita kiasi au mashine ililazwa upande usiofaa.

La pili ni mteremko. Injini nyingi ndogo hazina pampu ya kusukuma oili. Oili hurushwa na sehemu zinazozunguka humo ndani. Mashine ikiinamishwa mno, oili hukusanyika upande mmoja, na vyuma vya upande wa pili hukauka. Ndiyo maana miongozo mingi ya mashine za kusukuma huweka kikomo cha mteremko wa nyuzi 15. Kama kihamba chako kina mteremko mkali kuliko huo, injini mpya nayo itakufa kama ile ya kwanza. Hapo dawa ni kubadili chombo: mashine ya kubeba begani, au fyekeo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wengi hutumia kanuni inayosema kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, nunua mpya. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini inaweza kumpoteza mtu, kwa kuwa haiulizi habari ya muda. Natoa mfano wa kubuni. Chukulia mashine mpya nzuri ni shilingi 600,000 na itadumu miaka sita. Gharama yake ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Fundi anataka shilingi 240,000 kutengeneza ya zamani. Kwa kanuni ya nusu, tengeneza. Lakini kama baada ya matengenezo mashine itadumu miaka miwili tu, umelipa shilingi 120,000 kwa mwaka, na ungepata nafuu kwa kununua mpya. Kama itadumu miaka minne, umelipa shilingi 60,000 kwa mwaka, na kutengeneza ndiyo busara. Shilingi ni zile zile 240,000. Kinachoamua ni miaka.

Hesabu hiyo hiyo hutukinga na mtego wa bei ya chini. Mashine ya shilingi 300,000 inayokufa baada ya miaka miwili imekugharimu shilingi 150,000 kwa mwaka, kuliko zote tulizozitaja. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Katika hesabu yako, tazama pia mwili wa mashine. Hakuna faida ya kufufua injini juu ya bati lililooza kwa kutu na magurudumu yaliyolegea. Ongeza nauli ya kwenda Himo au Moshi mjini kutafuta vipuri. Na ujiulize swali ambalo muuzaji hawezi kukuuliza: je, ua unaofyekwa mara tatu kwa mwaka unahitaji mashine yake? Kaya tatu za majirani zinaweza kumiliki mashine moja nzuri, au kumlipa kijana mwenye mashine aje afyeke.

Ukifika kwa fundi, mheshimu, na umwombe mambo manne. Kwanza, aseme kama ameifungua injini au anakisia kwa kusikiliza sauti. Pili, akuandikie kilichoharibika, bei ya vipuri peke yake na ufundi peke yake. Tatu, akurudishie kipuri cha zamani atakachokitoa. Nne, aseme anatarajia itadumu muda gani, kwa sababu gani, na kazi yake ana dhamana nayo kwa siku ngapi. Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Yanamtofautisha na mbabaishaji. Sheria nayo iko upande wenu: anayetoa huduma kwa mlaji anatakiwa kuifanya kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na ni kosa kumdanganya mlaji kwamba anahitaji kipuri au huduma asiyoihitaji.

Ukiamua kununua, yapo mambo ya kuangalia kabla hujatoa fedha. Ukinunua injini tupu ili kuifunga kwenye mwili wa zamani, pima. Mashine nyingi za kusukuma hutumia injini ambayo shafti yake inaelekea chini, ilhali injini nyingi za pampu na jenereta zina shafti ya kulala. Unene na urefu wa shafti, na nafasi za matundu ya bolti, lazima vilingane. Nenda na vipimo, au nenda na injini yenyewe.

Tazama kibati cha utambulisho na namba iliyogongwa kwenye injini. Herufi zilizokosewa, jina linalofanana na la chapa maarufu lakini likizidi au kupungua herufi moja, boksi lisilotaja mtengenezaji wala nchi, na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine, zote ni dalili za bidhaa bandia. Injini iliyopakwa rangi upya isiuzwe kama mpya. Sheria inakataza hilo.

Mweleze muuzaji kazi unayoitaka, wala usitaje jina la chapa pekee. Sema: nataka mashine ya kufyeka ua wa nusu ekari, Mwika, penye mteremko. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemjulisha mfanyabiashara kazi aliyoikusudia na kutegemea ujuzi wake, huwa na haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa kazi hiyo. Omba maelezo hayo yaandikwe. Kisha iwashwe mbele yako, na upewe kitabu cha mwongozo, dhamana ya maandishi, na risiti ya mashine ya kielektroniki inayotaja bidhaa na kiasi ulicholipa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na malalamiko bila risiti ni vigumu kuyathibitisha.

Ikiwa bidhaa itaharibika mapema au kazi ya fundi itakuwa na kasoro, rudi kwa aliyekuhudumia, peleka malalamiko kwa maandishi ukiambatisha nakala ya risiti, na usiendelee kuifungua mashine mwenyewe. Asipokusikiliza, lete shauri lako kwetu Tume ya Ushindani. Kama jambo linahusu ubora na usalama wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania nalo linahusika.

Mwisho, njia ya bei nafuu kuliko zote ni kuizuia injini isife. Kwa injini ndogo ya Honda GX160, ambayo hutumia takriban lita 0.6 za oili, mwongozo unataka oili ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza au mwezi mmoja, kisha kila saa 100 au miezi sita, na chujio la hewa lisafishwe kila saa 50 au miezi mitatu, mapema zaidi penye vumbi. Injini nyingine zina ratiba zake, zisome. Familia inapojiandaa kuteremka Januari, petroli imwagwe kwenye chombo salama, injini iwashwe nje ya nyumba mpaka izime yenyewe, nyasi zikwanguliwe chini ya mashine, ndipo ifungiwe. Na mwangalizi wa nyumba aombwe kuijaribu mwezi Oktoba au Novemba. Ikigoma wakati huo, mtakuwa na wiki kadhaa za kuuliza, kupima na kulinganisha bei kabla wageni hawajafika.

Nipo tayari kwa maswali.