Makosa ya Kiingereza Yana Asili Yake

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kujifunza Kiingereza. Mimi si mwalimu wa lugha, ni mtumishi wa Serikali tu. Lakini jambo hili liliwahi kuniumiza, na dawa yake niliipata mbali.

Nikiwa kidato cha kwanza niliulizwa umri wangu. Nikasimama nikajibu, "I have fourteen years." Darasa zima likaangua kicheko. Sikunyoosha mkono tena mpaka kidato cha tatu.

Mwaka 2011 nilipelekwa masomoni Uingereza. Darasani tulikuwa na wenzetu wa Hispania, Meksiko na Kolombia. Siku ya kujitambulisha, Mhispania mmoja, mhandisi mtu mzima, akasema, "I have thirty-eight years." Nilishtuka! Kumbe kwa Kihispania, kama kwa Kiswahili, mtu "ana" miaka. Kiingereza hutumia "am". Yule hakuwa mjinga, wala mimi sikuwa mjinga. Kila mmoja alitafsiri lugha aliyoizoea.

Tangu hapo tukawa tunasahihishana, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, neno lao "su" ni kama "yake" yetu. Halibagui mume na mke. Kwa hiyo wao na sisi huchanganya "his" na "her". Kabla ya kusema, mtazame mwenye kitu, si kitu chenyewe.

Pili, kitenzi cha Kihispania humtaja mtendaji kwa mwisho wake, kama chetu kinavyomtaja kwa kiambishi cha mwanzo. Ndipo wanapoandika "Is raining." Kiingereza hutaka kiima: "It is raining."

Tatu, "en" yao hufanya kazi ya "in", "on" na "at", kama "-ni" yetu katika "nyumbani" na "mezani". Usitafsiri, shika kifungu kizima: "on Monday", "at night", "in July".

Nne, jihadharini na maneno yanayofanana sura. "Actualmente" ni "kwa sasa", bali "actually" ni "kwa kweli". "Asistir" ni kuhudhuria, bali "assist" ni kusaidia. Mhandisi wetu alishikwa na mafua, ambayo kwao mwenye nayo huitwa "constipado". Akaenda duka la dawa akasema, "I am constipated." Akapewa dawa ya kufungua choo! Aliporudi alitusimulia, akacheka kutushinda sote, kisha akatoa daftari dogo akaandika: nilichosema, nilichotaka kusema, na sababu ya kukosea. Kila kosa alilifanyia hivyo. Mwisho wa mwaka alikuwa akiandika ripoti safi kuliko wengi wetu.

Sasa niungame. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa katika jopo la usaili. Kijana mmoja mwenye cheti kizuri alijibu, "I have twenty-four years." Mwenzangu akacheka, nami nikatabasamu. Kijana akanywea, maswali yaliyofuata aliyajibu kwa neno moja moja, na kazi akaikosa. Alipotoka ndipo nilipomkumbuka yule mtoto wa kidato cha kwanza. Sikumfuata nje. Jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Wadogo zangu, nunueni daftari dogo. Kosa likitokea, liulizeni limetoka wapi, kwa maana ukijua asili yake hulirudii. Mwenzenu akikosea, msahihisheni bila kumcheka. Nasi wakubwa tunaoketi nyuma ya meza za usaili, tusipime akili ya mtu kwa "have" na "am".

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi lile la kutabasamu sitalirudia.