Motokaa Kuukuu ya Dizeli na Baridi ya Alfajiri

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wa pwani huenda wakalicheka, lakini ndugu zetu wa Njombe na Makete hawatalicheka: motokaa ya dizeli iliyo kuukuu, inayokataa kuwaka alfajiri ya baridi.

Mwezi wa Julai mmoja tulibishiwa hodi saa kumi za usiku. Mke wa mwalimu mwenzetu alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima. Nje, sakitu ilikuwa imetanda majanini kama unga. Tukaiendea motokaa yetu, Mercedes-Benz 240D iliyoundwa mwaka 1977, tukapasha, tukapiga stata. Mtambo ukazunguka vema, ukatoa moshi mweupe nyuma, usiwake. Tukarudia na kurudia hata betri ikaanza kuchoka. Ikatubidi kuwaamsha wanafunzi wa chuo. Wakaisukuma mpaka penye mteremko, nasi tukaachia klachi. Ikakohoa, ikatetemeka, ikashika. Mtoto alizaliwa salama kulipopambazuka, lakini tulijua ya kuwa aliyetuokoa ni mteremko, wala si akili zetu.

Siku ya pili yake fundi mmoja akatuambia kwamba pampu ya dizeli imekwisha, tununue nyingine. Bei aliyoitaja ilikuwa mshahara wetu wa miezi mitatu. Hofu ya bei hiyo ndiyo iliyotufanya tukae kitako, tufikiri kwanza jinsi mtambo wenyewe ufanyavyo kazi.

Mtambo wa petroli huwashwa kwa cheche. Mtambo wa dizeli hauna cheche hata moja. Bwana Rudolf Diesel, aliyeufanya mtambo wake ufanye kazi vema huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliitegemea hewa yenyewe. Kila aliyejaza upepo baiskeli ajua ya kuwa pampu hupata moto upande wa chini. Basi katika motokaa yetu pistoni huishindilia hewa, sehemu 21 zikawa sehemu moja, na hewa hiyo hupata moto kupita digrii 500. Dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe.

Lakini chuma baridi ni mwizi wa joto. Mtambo uliolala usiku kucha katika sakitu huinyonya ile hewa joto lake kabla dizeli haijawaka. Kwa ajili hiyo kila silinda imetiwa plagi ndogo ya kupasha moto, ambayo mafundi huiita hita plagi. Hiyo hupata umeme wa betri na kuwa nyekundu kama kaa la jikoni, kabla ya kupiga stata.

Sasa, kabla hamjashika spana, tazameni moshi. Mtu apige stata, mwingine asimame nyuma. Moshi mweupe ukitoka, dizeli yafika silindani lakini haiwaki: lililopungua ni joto. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki: labda chujio limeziba, au hewa imeingia katika mabomba, nayo hutolewa kwa kulegeza nati na kupiga pampu ya mkono hata dizeli itoke bila mapovu. Yetu ilitoa moshi mweupe, tena mwingi. Yule fundi aliuona moshi huo kwa macho yake, na bado akailaumu pampu!

Basi tukaziendea plagi. Yafaa mjue kwamba zimefungwa kwa namna mbili. Katika motokaa za namna yetu zilizoundwa kabla ya mwaka 1980 hivi, umeme hupita plagi ya kwanza, ukaenda ya pili, ya tatu, ya nne, kama watu wanaopokezana ndoo wakati wa kuzima moto. Mmoja akianguka, maji hayafiki. Plagi moja ikikatika, zote nne hubaki baridi. Katika zile za baadaye kila plagi ina waya wake. Moja ikifa, motokaa huwaka kwa silinda tatu, ikitetemeka na kufuka moshi, kisha hutulia.

Tulichukua taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja tukaufunga penye chuma kitupu cha mtambo. Mwenzetu akawasha umeme wa plagi. Nasi tukagusa kwa waya wa pili, plagi baada ya plagi, tukianzia umeme unapoingia. Taa ikawaka mpaka plagi ya tatu. Upande wa pili wa plagi hiyo ikawa giza. Tukaifungua: uzi wake umekatika. Mpya tuliinunua kwa bei ya kuku wawili.

Asubuhi iliyofuata tulipasha, tukahesabu pole pole mpaka 40, tukapiga stata. Iliwaka mara moja. Pampu ni ile ile hata leo.

Hata hivyo haikuwaka kwa wepesi tuliotaka, maana plagi si neno lote. Stata ikizunguka pole pole, hewa huvuja kando ya pistoni kabla haijapata moto. Kwa hiyo tulisugua vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe, tukakaza na waya wa betri uendao kwenye bodi. Kisha tukapima valvu. Valvu isiyo na nafasi ya kutosha haifungi sawasawa, na hewa iliyoshindiliwa hutoroka. Zile za kuingiza hewa zataka nafasi ya milimita 0.10 mtambo ukiwa baridi. Mbili zetu hazikuwa na nafasi kabisa.

Twawaonya juu ya kitu kimoja. Wako watu wapulizao etha katika njia ya hewa ili motokaa iwake. Etha ikikuta plagi imepata moto hulipuka kabla ya wakati wake, na tumeona pistoni iliyopasuka kwa sababu hiyo. Dereva alidhani ameokoa nusu saa.

Julai iliyofuata tulibishiwa hodi tena usiku, safari hii ni mwanafunzi mwenye homa kali. Tulihesabu mpaka 40. Hatukumwamsha mtu wa kusukuma.