Mto Rufiji na Tope Lake

 Kilombero na Luwegu hukutana na kuwa mto mmoja mkubwa, wenye viboko na mamba tele, ambao huingia baharini mkabala wa Mafia kwa matawi mengi yenye mikoko. Humo ndimo ilimojificha Königsberg, manowari ya Wajerumani, hata ikaangamizwa Julai 1915. Kwetu hayo ni madogo mbele ya habari ya tope. Mafuriko yakipwa, Warufiji hupanda mazao ya mlau katika unyevu uliobaki, pasipo kungoja mvua. Lakini tangu Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere huzuia maji, na tope jingi hutuama huko juu. Hata hivyo, Aprili 2024 mto ulifurika ukazamisha nyumba na mashamba.