Goti Baada ya Upasuaji wa Meniski: Namna ya Kusoma Picha za MRI

Meniski ni magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo, yaliyolala kati ya mfupa wa paja na muundi. Kazi yake kubwa ni kutawanya uzito. Goti likiwa limenyooka, meniski hubeba karibu nusu ya mzigo unaopita katika kiungo, na goti linapokunjwa hubeba zaidi. Kwa mtu mzima damu hufika sehemu ya nje tu ya meniski. Kwa hiyo mpasuko wa ukingoni unaweza kushonwa ukapona, lakini katika mpasuko wa ndani mara nyingi kipande kilicholegea hukatwa na kuondolewa.

Katika soko la Owino jijini Kampala, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, na katika Uwanja wa Nakivubo uliopakana nalo, njia kuu mbili za kuumia meniski zinakutana. Uwanjani, mchezaji hugeuka ghafla huku mguu umekita chini, na meniski iliyokuwa na afya huchanika mara moja. Sokoni, mchukuzi huchuchumaa kujitwika robota la mitumba, huinuka nalo, kisha hupenya nalo katika vichochoro, na kesho huanza upya. Kazi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito zinajulikana kuongeza hatari ya goti kuchakaa. Meniski ya goti la namna hii hulika polepole, pamoja na gegedu linalofunika mifupa.

Zamani meniski iliyochanika iliondolewa yote. Mwaka 1948 daktari Mwingereza T. J. Fairbank alieleza mabadiliko yaliyoonekana kwa eksirei katika magoti ya aina hiyo: nafasi ya kiungo ilipungua, ncha ya mfupa wa paja kwenye goti ilibapa, na ukingo wa mfupa uliota kigongo. Siku hizi daktari hujitahidi kubakiza sehemu kubwa ya meniski kadiri inavyowezekana.

Eksirei haionyeshi meniski yenyewe, MRI huionyesha. Mashine hii hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kupokea ishara za hidrojeni iliyomo katika maji ya mwili, bila mionzi ya eksirei. Meniski yenye afya huonekana nyeusi. Katika goti lisilowahi kupasuliwa, mstari mweupe unaofika kwenye uso wa meniski katika picha mbili au zaidi huhesabiwa kuwa mpasuko.

Baada ya upasuaji kanuni hiyo haitoshi. Mahali paliposhonwa, kovu linaweza kung'aa kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, ilhali mshono umeshika. Mahali palipokatwa, weupe uliokuwa ndani ya meniski tangu awali unaweza sasa kufika usoni, kwa kuwa uso wenyewe umesogezwa na kisu. Dalili zenye uzito ni tatu: ute wa goti kupenya ndani ya meniski, uking'aa sawa na ute uliopo pembeni, kipande kuhama mahali pake, au mpasuko mpya mahali ambapo hapakuguswa. Pale ambapo zaidi ya robo ya meniski imeondolewa, shaka huwa kubwa zaidi. Hapo dawa ya kung'arisha picha, yenye gadolini, inaweza kudungwa ndani ya kiungo ili ionekane kama inaingia katika ufa.

Msomaji wa picha hukagua pia dalili za kuchakaa: gegedu lililokonda au kumomonyoka hadi mfupani, uvimbe wa maji katika uboho chini ya gegedu, vichomozo vya mfupa, na meniski iliyosukumwa nje ya kiungo kwa milimita tatu au zaidi. Dalili hii ya mwisho humaanisha kuwa meniski haibebi tena mzigo wake, hata kama haikuchanika katikati.

Hata hivyo, kuonekana kwa mpasuko hakuthibitishi kwamba ndio unaoumiza. Utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wengi wenye meniski zilizochanika hawakuwa na maumivu. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walionyesha kuwa kukata meniski iliyochakaa hakukuleta nafuu zaidi kuliko upasuaji wa kuigiza. Mchukuzi wa Owino anayeishi kwa nguvu za miguu yake hapaswi kurudishwa kisuni kwa sababu ya mstari mweupe peke yake.

Kwa kuwa MRI ni ghali, busara ni kuanza na uchunguzi wa mikono na eksirei iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama. MRI hufuata palipo na swali ambalo jibu lake litabadilisha matibabu. Juhudi za kupunguza gharama zimefika Uganda yenyewe: mwaka 2022 mashine ya MRI yenye sumaku hafifu iliunganishwa huko huko mjini Mbarara, ikilenga kwanza vichwa vya watoto wenye maji katika ubongo.

Ombi la MRI ya goti lililopasuliwa lieleze tarehe ya upasuaji, kama meniski ilishonwa au ilikatwa, sehemu iliyoguswa, na mahali panapouma sasa. Picha za kabla ya upasuaji ziambatanishwe. Ripoti nayo itenganishe mambo matatu: kovu linalotarajiwa, mpasuko mpya, na kuchakaa kwa kiungo, kwa sababu kila moja hushughulikiwa kwa namna yake.