Ali bin al-Hasan ni Yupi? Sarafu, Majina na Masultani wa Kilwa



Maji yakishakupwa Kilwa Kisiwani, mtu mwenye macho makali huweza kuokota ufukweni kipande cha shaba kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja pana jina kwa hati ya Kiarabu: Ali bin al-Hasan. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, yaliyochaguliwa ili kina chake kilingane na cha jina lile la upande wa kwanza. Yaani fedha ya kununulia mtama ilikuwa na vina! Aliyeitunga angekaa vizuri barazani na watunzi wa tenzi. Lakini mwaka hakuuandika, wala hakutuambia ni Ali yupi.

Swali hilo ndilo lililonileta hapa jioni hii. Kwa kulijibu hivi au vile, wanahistoria wameusogeza mwanzo wa utawala wa Kilwa kwa zaidi ya karne mbili.

Kwetu pwani mtu hutambulishwa kwa jina lake, la babaye na la babuye, na wazazi wengi hupenda kumrudisha babu kwa kumpa mjukuu jina lake. Desturi hii ni nzuri kwa familia na mbaya kwa mwanahistoria. Tazameni nasaba ya Abu al-Mawahib, iliyoishika Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Alitangulia al-Hasan bin Talut, akafuata mwanawe Sulaiman bin al-Hasan, kisha baadaye mjukuu, al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu ikilika ukingoni, ukabaki na majina mawili tu bila kujua lipi lilitangulia, tayari umemchanganya baba na mwana.

Kwa Ali na Hasan hali ni ngumu zaidi, kwa sababu majina haya yametoka nyumba moja. Ali bin Abi Talib ndiye baba wa Hasan na Husain, na tangu hapo Waislamu wameyapanga majina hayo pamoja kizazi baada ya kizazi. Hatuhitaji kwenda mbali. Rais wetu wa awamu ya pili alikuwa Ali Hassan Mwinyi, na mwanawe, Hussein Ali Mwinyi, ni Rais wa Zanzibar tangu 2020. Majina ni yaleyale matatu. Mchimbaji wa miaka elfu ijayo akikuta kibao kilichovunjika kimebaki “Ali Hassan” tu, atakuwa na kazi. Sisi tuliomwona Mzee Mwinyi hatukupata shida, tulikuwa na lakabu yake, “Mzee Rukhsa”. Kilwa nao walijua dawa hiyo: habari za kale za mji zilizoandikwa kwa Kiarabu zinamtaja sultani wa kwanza kwa lakabu ya Kiswahili, Nguo Nyingi.

Sasa habari hizo zenyewe. Zimetufikia kwa njia mbili. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, na masimulizi waliyoyapata yakaingia katika kitabu cha mwanahistoria wao João de Barros kilichochapishwa 1552. Njia ya pili ni maandishi ya Kiarabu ambayo nakala yake, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877, imehifadhiwa London. Katika Barros, mwasisi ni Ali, mtoto wa mtawala wa Shiraz aliyezaliwa na mama Mhabeshi na kudharauliwa na nduguze kwa sababu hiyo. Jina la baba limeandikwa Kireno kwa namna inayoweza kusomwa Hasan au Husain. Maandishi ya Kiarabu yanamwita Ali bin al-Husain. Sarafu zinasema al-Hasan. Wasomi wa mwanzo hawakuhangaika: Ali ni Ali, mwasisi ndiye huyuhuyu wa kwenye shaba, na miaka yake ni ya katikati ya karne ya 10.

Kisha akaja mwanaakiolojia Neville Chittick. Alianza kuchimba Kilwa mwaka 1960, akafuata tabaka za udongo badala ya vitabu. Sarafu za Ali bin al-Hasan alizikuta zikianza katika matabaka ya karibu mwaka 1200, si ya karne ya 10. Akahitimisha kwamba mwasisi aliishi wakati huo, na utawala wote ukasogezwa mbele pamoja naye. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa kuwa udongo hauna sababu ya kumpendelea sultani yeyote. Lakini ilibeba mzigo uleule wa wasomi waliomtangulia: ilichukulia kwamba mwenye jina hilo ni mmoja, na kwamba palipo na shaba yake ndipo alipoishi yeye.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi. Sarafu za fedha zilikuwa ndogo mno, nyepesi, na za mtindo uleule wa vina. Miongoni mwa majina yaliyosomeka alikuwemo Bahram bin Ali. Alikuwemo pia Ali bin al-Hasan. Dinari za Kifatimi, ambazo kwa bahati njema zina tarehe, zinaiweka hazina hiyo katika karne ya 11. Basi Ali bin al-Hasan alikuwa ameshapiga fedha yake zaidi ya miaka mia moja kabla ya Ali wa Chittick.

Tuna njia mbili. Ama walikuwepo Ali wawili, wa fedha na wa shaba, nasaba imewaunganisha na sisi tumeifuata. Ama alikuwepo mmoja wa karne ya 11, na jina lake likaendelea kupigwa kwenye shaba wakati yeye yuko kaburini. Mimi naegemea njia ya pili. Sarafu zake zimepatikana Songo Mnara, mji jirani uliositawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, zikiwa bado mikononi mwa watu. Mtanikatiza hapa, na mna haki: sarafu kuendelea kutumika si sawa na kuendelea kupigwa. Hata hivyo, soko lililoipokea shaba ya Ali kwa muda mrefu namna hiyo lilikuwa na kila sababu ya kutaka nyingine kama hiyo, na mtawala mpya mwenye akili hangeona haja ya kuligomea.

Pembeni ya Ali huyu mwenye ukungu, mtazameni al-Hasan bin Sulaiman, yule mjukuu. Naye amezungukwa na watu wa majina yaleyale, lakini hapotei. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta akitawala. Anasimulia kwamba Ijumaa moja, baada ya sala, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Baadaye akamwongezea pembe za ndovu na, kwa kuwa lazima tuyaseme yote, watumwa kumi. Huko Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja na hodhi la pembe nane juu ya bahari, limepatikana jiwe lililochongwa jina lake. Ana shahidi wa safari, shahidi wa jiwe na shahidi wa sarafu, na wote watatu wanakubaliana. Ali ana sarafu na nasaba tu.

Kwa masultani wa Zanzibar hatuna taabu hiyo, ingawa wanafunzi wangu kila mwaka huwachanganya Khalifa bin Said (1888–1890) na Khalifa bin Harub (1911–1960), na Ali bin Said na Ali bin Hamud. Magazeti, mikataba na picha huwatenganisha kwa dakika moja. Kilwa haina magazeti.

Kwa hiyo nawageukia wanafunzi wa akiolojia mlioko nyuma. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota mchangani sarafu kadhaa. Nne zilikuwa za Kiholanzi na tano za Kilwa. Zilikaa ndani ya kopo hadi 1979 ndipo zikapelekwa kwa wataalamu. Majina yalisomeka, vina pia. Lakini hakuna aliyepima kina cha mchanga, wala kuandika kilicholala kando yake, na cha kuonyesha mahali ni alama ya X tu aliyoiweka mwokotaji kwenye ramani. Msafara wa 2013 ulikwenda kupatafuta mahali hapo. Mpaka leo wengine wanataja mabaharia wa Kiswahili, wengine Wareno, wengine Waholanzi. Mkienda Songo Mnara likizo hii, kabla hamjalisoma jina lililo juu ya shaba, pimeni kina, pigeni picha ya tabaka, andikeni kwenye daftari, ndipo mwiinue.