Picha Zinazoelea na Haki ya Msomaji

(Hotuba fupi kwa wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka wa tuliosoma hapa)



Nimeombwa niseme machache juu ya ombi la klabu ya kompyuta, inayotaka picha zirande zenyewe katika ukurasa wa shule kwenye intaneti. Jambo hilo linawezekana, na hesabu zake mnazo madaftarini.

Kila picha kwenye kioo ina namba mbili: umbali wake kutoka ukingo wa kushoto, na umbali wake kutoka juu. Programu huzibadili namba hizo kidogo kidogo, aghalabu mara 60 kwa sekunde, nalo jicho huona mwendo. Mkichagua mahali papya kwa bahati nasibu kila mara, picha itarukaruka kama panzi. Afadhali mchague mwelekeo, kisha kila hatua muupinde kidogo kwa bahati nasibu. Hapo itaelea kama jani juu ya maji. Saini na kosaini mnazozilalamikia ndizo zitakazogeuza mwelekeo huo kuwa hatua. Ikifika ukingoni, igeuzeni irudi ndani.

Maumbile yalitangulia. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea, aliona kwa hadubini chembe kutoka katika chavua zikitangatanga majini. Mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kwa hesabu kwamba zinasukumwa na molekuli za maji.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi ni mtumishi wa umma, na kazi imenifunza kwamba ukurasa upo kwa ajili ya mwenye shida. Mzazi anayetafuta tarehe ya kufungua shule hawezi kusoma maneno yanayopitiwa na picha. Wapo pia wanaoshikwa na kizunguzungu na kichefuchefu kwa mwendo wa aina hiyo. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya mwaka 2008 inataka kitu kinachojiendesha chenyewe kando ya maandishi kwa zaidi ya sekunde 5 kiwe na njia ya kukisimamisha. Simu na kompyuta nyingi humruhusu mwenyewe kuomba mwendo upunguzwe. Programu yenu na iliulize ombi hilo kwanza, kisha ilitii.

Basi, wadogo zangu, zielezeni picha zenu. Ila kitufe cha kuzisimamisha kiwekwe mahali panapoonekana, kabla ya picha ya kwanza.