Mwanafunzi wa Uhandisi Asiachwe Peke Yake na Swali Lake

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wanafunzi na wazazi, Mbugangari, Rubavu



Nimeombwa niseme juu ya msongo wa mawazo unaomkuta mwanafunzi wa uhandisi. Naanza na msimamo wangu, msije mkaungoja hadi mwisho. Ugumu wa masomo haya hatuwezi kuuondoa, na sidhani kama ni vizuri kuuondoa, maana anayekosea hesabu ya boriti leo ndiye atakayewaangushia watu dari kesho. Tunachoweza kuondoa ni upweke. Kijana anayevunjika katika uhandisi mara nyingi amevunjwa na kukaa na hesabu peke yake, mlango umefungwa, akiamini kwamba darasa zima limeelewa isipokuwa yeye.

Deni la mwaka wa kwanza

Uhandisi una tabia moja inayochosha: hakuna somo linaloisha. Kalkulasi uliyofanyia mtihani mwaka wa kwanza inarudi kwenye saketi za umeme, inarudi kwenye mwendo wa maji ndani ya bomba, inarudi kwenye hesabu za majengo. Aliyepita kwa kukariri hatua bila kujua kwa nini hatua ile inafuata hii, hukutana na deni lake mwaka wa tatu, na wakati huo deni limeshabadili sura. Anadhani ameshindwa na maji ndani ya bomba, kumbe amekwama kwenye jambo dogo aliloliruka miaka miwili nyuma. Basi anafikia hukumu mbaya kuliko zote: mimi sina akili ya uhandisi.

Hukumu hiyo imetolewa bila kupima. Fundi umeme akiitwa kwenye nyumba yenye giza havunji ukuta. Anapima kwenye mita, anapima kwenye swichi kuu, kisha chumba kwa chumba mpaka akute mahali umeme unapokatika. Nawaomba vijana mjipime hivyo hivyo. Je, nimeelewa swali linataka nini? Nimeweza kuchora mchoro wake? Najua kanuni inayohusika, na kwa nini ni hiyo? Au yote hayo ninayo, ila nimekosea tu kuhamisha alama ya kutoa? Anayesema "nimekwama" hatujui tumsaidie vipi. Anayesema "nimekwama mstari wa nne, sijui kwa nini momenti kwenye egemeo hili ni sifuri" atasaidiwa kwa dakika tano, na mara nyingi atajijibu mwenyewe kabla hajamaliza kuuliza.

Kuna pia mzigo wa lugha, ambao hapa mpakani kati ya Rubavu na Goma tunaujua kuliko watu wengi. Watoto wetu wanacheza kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Wale waliosoma sekondari Goma wamejifunza hesabu kwa Kifaransa. Wakifika chuo kikuu upande huu wanakuta mihadhara na mitihani kwa Kiingereza, lugha iliyochukua nafasi ya Kifaransa katika shule za Rwanda tangu 2009. Mwanafunzi huyu husoma swali mara mbili, mara ya kwanza kutafuta maana ya maneno, mara ya pili kutafuta hesabu, na saa ya mtihani haimngoji. Ushauri wangu ni huu: elezaneni jambo kwa Kiswahili mpaka likae, kisha kila mmoja aliandike kwa Kiingereza atakachokutana nacho kwenye mtihani. Asiwepo wa kuona haya kwa kujadili termodinamiki kwa lugha ya nyumbani.

Walichokiona Berkeley

Katikati ya miaka ya 1970, mwalimu wa hesabu Uri Treisman alikuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliona wanafunzi weusi wengi wanaanguka katika kalkulasi, somo ambalo ni mlango wa uhandisi, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina wanafaulu vizuri. Aliwauliza wahadhiri sababu. Wakamwambia hawa hawana ari, au hawakuandaliwa vizuri sekondari, au familia zao hazijali elimu, au ni umaskini. Treisman hakutosheka na maelezo hayo. Alichukua wanafunzi ishirini wa kundi moja na ishirini wa kundi jingine, akawafuata kuona wanavyosoma hasa, hata vyumbani mwao.

Alikuta maelezo yote manne hayasimami. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii. Wengi walikuwa wanafunzi bora wa shule zao, na wazazi wao walikuwa wamejinyima ili wafike pale. Walisoma saa nane kwa wiki, kama walivyoagizwa, na karibu wote walisoma peke yao. Wenzao wa asili ya Kichina walifika saa kumi na nne hivi. Walianza kila mtu na kitabu chake, kisha jioni wakakutana, wakala pamoja, wakakaguana majibu. Swali likiwashinda wote walijua kwamba ni gumu kweli, na hakuna aliyejiona mjinga. Swali likimshinda mmoja tu, alioneshwa palepale.

Ndugu zangu, tofauti ya makundi haya mawili ndiyo mada yangu. Yule aliyesoma peke yake hakuwa na njia ya kujua kama shida ni yake au ni ya swali. Treisman akaanzisha vikundi ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu kuliko ya darasani, wayafanye pamoja, na walioingia humo wakaanza kufaulu vizuri. Tazameni kwamba hakuwapa masomo ya ziada ya walioanguka. Masomo ya namna hiyo humwambia mtu kwamba yeye ni dhaifu, na kijana mwenye kujiheshimu hayaendei. Kikundi cha watu wanaopambana na maswali makubwa hata mwenye kujiheshimu anakitaka.

Sisi desturi hii tunayo. Mama zetu wanaweka akiba katika vikundi, na umuganda, kazi ya jamii, tunafanya pamoja kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sijui kwa nini tumeruhusu masomo yawe jambo la kufichana.

Jina la injinia

Sasa nawageukia wazazi, na nasema kwa heshima. Kijana wa Mbugangari akipata nafasi Chuo cha Sayansi na Teknolojia pale Nyarugenge, Kigali, mtaa mzima unaanza kumwita injinia kabla hajafanya hata mtihani mmoja. Shangazi anampigia simu kumwita injinia, na muuza duka akimwona anampa salamu ya injinia. Ni upendo, na ni fahari yetu sote. Lakini semesta ya kwanza ikiisha na somo moja limemwangusha, atarudi nyumbani amwambie nani? Wengi hawasemi. Anawaambia: niko salama, matokeo hayajatoka. Anarudi Kigali, zaidi ya kilomita mia moja na hamsini, akiwa na siri, na siri hiyo inamla kuliko kalkulasi yenyewe.

Wazazi, semeni mapema, kabla hajaanguka popote, kwamba uhandisi una masomo ya kurudia na kwamba kurudia somo hakumfukuzi mtu nyumbani. Semeni mkiwa mmekaa, kwa sauti ya kawaida. Na mkiulizia masomo, msiulize tu "umekuwa wa ngapi?" Muulizeni ni jambo gani limemsumbua wiki hii na nani anamsaidia. Si lazima uelewe jibu lake. Mama aliyemaliza darasa la sita anaweza kusikiliza mtoto akieleza saketi, na mtoto akashusha pumzi.

Neno "vumilia" nalo tulitumie kwa kipimo. Kwa mwenye ratiba nzuri na chakula tumboni, linatia moyo. Kwa kijana ambaye minerivali, yaani ada yake, haijalipwa na hajui kama ataruhusiwa kuingia kwenye mtihani, neno hilo linamwambia tu kwamba hatutamsaidia.

Maana wengi hapa wanaishi kwa mpaka. Mboga, nyanya, maziwa na samaki wa sambaza vinavuka mpaka pale Petite Barrière kichwani mwa mama zetu, na faida yake ndiyo inayolipa chumba cha Kigali. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ada za watu zilikauka. Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, matetemeko yakafuata kwa siku kadhaa, nyumba zikapasuka Gisenyi na watu wakalala nje. Mei 2023 mto Sebeya ukafurika na kubeba nyumba. Januari 2025 vita vikaingia Goma, na milio yake tuliisikia sote hapa. Mwanafunzi aliyepitia hayo yote akashindwa kukazia macho ukurasa wa kitabu si mvivu. Mwenye shida ya ada asitafutiwe mbinu za kusoma. Aende ofisi inayohusika mapema, kabla ya wiki ya mitihani, aombe kulipa kwa awamu. Mwenye buruse iliyochelewa awaambie wenzake ili wafuatilie kwa pamoja kupitia mwakilishi wao.

Mambo machache kuhusu kusoma

Hapa nitapita haraka. Kusoma daftari mara nne huku umepigia mistari rangi kunakupa hisia kwamba unajua, kisha chumba cha mtihani kinakukana. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari na ufanye swali kwenye karatasi tupu. Itauma, na maumivu hayo ni ya kazi inayofanyika.

Kukesha nako tuache kukusifu. Ubongo hupanga ulichojifunza wakati umelala, na mtu aliyelala kwa saa mbili tu kabla ya mtihani wa hesabu hukosea vitu ambavyo juzi alivijua. Kahawa na vinywaji vya kuamsha mwili havirudishi usingizi uliopotea.

Pia jueni kwamba kukwama hakuishi ukishapata shahada. Angalieni ziwa letu. Kivu ina takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani zilizoyeyuka katika maji ya chini, na watu walijua tangu zamani kwamba ni nishati. Mkataba wa mradi wa KivuWatt, kule Karongi, ulitiwa saini 2009. Umeme wake, megawati 26, ulianza kutoka mwishoni mwa 2015. Katikati hapo kulikuwa na wahandisi wenye uzoefu wa miaka mingi wakijenga kitu ambacho kwa ukubwa ule hakikuwa na mfano wa kunakili: kuvuta maji kutoka mamia ya mita chini, kuitenga methani na kaboni dioksidi, na kuyarudisha maji bila kuvuruga tabaka za ziwa. Hakuna aliyewaita wajinga kwa miaka hiyo. Mwanafunzi anayetumia wiki nzima kwa swali moja anafanya mazoezi ya kazi ileile.

Pale ambapo ni ugonjwa

Jambo hili nalisema polepole. Kuna msongo unaopungua ukipata usaidizi, ukilala, ukipita mtihani. Kuna mwingine haupungui. Kijana akikosa usingizi au akilala kutwa nzima kwa wiki mbili na zaidi, akiacha kula, akijitenga na marafiki, akipoteza hamu ya vitu alivyovipenda, akianza kunywa ili alale, hapo tusimhubirie bidii. Akisema kwamba afadhali asingekuwepo, au akianza kugawa vitu vyake, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni hospitali. Hospitali ya wilaya hapa Gisenyi ina huduma ya afya ya akili kama hospitali nyingine za wilaya nchini, na unaweza kuanzia kituo cha afya ukiwa na bima yako ya afya ya mituweli. Ni tiba kama ya malaria. Katika nchi hii iliyopitia mauaji ya kimbari ya 1994, na kwa jirani zetu waliokimbia vita mara nyingi, kuna nyumba ambazo maumivu ya wazazi bado yamekaa sebuleni, na mtoto huenda chuoni akiwa ameyabeba. Asione aibu kumwona mtaalamu.

Ninachoomba leo

Wakati wa likizo hii tupate chumba kimoja chenye meza na taa, kila Jumamosi mchana baada ya kazi. Wazazi wenye nafasi, au uongozi wa kijiji, yaani mudugudu, mtusaidie chumba hicho. Kila mwanafunzi aje na swali moja lililomshinda, ameandika mstari aliokwama. Wa Kigali, wa Musanze na wa Goma wakae meza moja, kwa sababu nguvu na mizunguko ya umeme havijui mpaka. Wasichana waitwe kwa majina, wasingoje nyuma. Darasani wao ni wachache, na upweke wao ni mara mbili.

Na ninyi wa mwaka wa tatu na wa nne, msiondoke kabla hamjaandika majina yenu kwenye karatasi iliyopo mlangoni, kila mmoja na somo moja analoweza kumfundisha mwenzake.